Nchi Iliyopimwa kwa Moshi

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana habari hii ina moshi mwingi. Mimi mwenyewe niliposimuliwa mara ya kwanza nilichanganyikiwa, nikaomba nirudiwe, nikarudiwa, nikachanganyikiwa upya. Kwa hiyo atakayenikatiza kuniuliza kwa nini, nitamwambia akawaulize wenyewe wa Fukizo, nao kwa nilivyosikia hawajui.

Palikuwa na nchi mbili zilizotazamana, katikati yake korongo refu na daraja moja la kamba. Upande wa huku ni Ulezini, ambako watu walilima ulezi mpaka ghala zao zikawa hazifungiki. Upande wa kule ni Fukizo, ambako tangu babu na bibi walijua kufua chuma, na jembe la Fukizo lilikuwa jembe kweli, si haya ya siku hizi yanayopinda yakikutana na kijiwe. Tena hazikuwa nchi za uadui. Zilikuwa hazijuani tu, kama majirani wawili wanaosikia majogoo ya wenzao na hawajawahi kukopeshana chumvi.

Mwaka huo Ulezini walipata balaa. Walikuwa na desturi ya kuyaweka majembe yote katika banda moja baada ya mavuno, kila jembe na alama ya mwenyewe kwenye mpini, ili asitokee mjanja wa kwenda kulima kimyakimya kabla ya wenzake. Desturi nzuri, ila mto haukuambiwa. Mafuriko yalipokuja yalilichukua banda lote, na watu walipoamka walikuta matope na msingi wa nguzo. Chakula kilikuwapo cha kuwafikisha mavuno yajayo na kuzidi, lakini mavuno yajayo yangetoka wapi? Mvua za kupandia zilikuwa zinahesabiwa wiki tano, na watu wazima walikuwa wanajifunza kulima kwa vijiti.

Mbaruku, mkuu wa baraza la Ulezini, akamwita dada yake Sikudhani aliyekuwa mtunza ghala. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mpole wa sauti, mbishi wa rohoni, asiyependa safari hata ya kwenda kisimani. Kazi aliyopewa ilikuwa rahisi mno kuielewa: nenda Fukizo, wape ulezi, wakupe majembe elfu mbili, rudi kabla ya mvua. Akabeba mfuko wa ulezi wa kuonyeshea na mzigo wa kuni kavu. Kuni alibeba kwa sababu mwanamke wa Ulezini haamini kuni za mtu. Kwao kuni zilianikwa juu ya vichanja misimu miwili, na jiko lililotoa moshi lilikuwa aibu. Mke mpya akifuka moshi, mashangazi walicheka wiki nzima.

Basi Sikudhani akavuka, akaingia Fukizo, na neno la kwanza aliloambiwa na karani wa daraja lilikuwa, "Habari za moshi?"

Akajibu nzuri. Karani akamwambia hilo si jibu, jibu ni "unapanda". Akasema unapanda. Karani akamtazama machoni kwa karibu sana, akaandika katika daftari kwamba macho ya mgeni ni meupe, akaweka alama ya kuuliza mbele yake.

Moshi ulikuwa mwingi, jamani. Ulitoka katika kila nyumba, kwenye paa, kwenye madirisha, kwenye mashimo yaliyochimbwa njiani makusudi. Watu wa Fukizo walikuwa na macho mekundu kama pilipili na walipishana wakikohoa kwa heshima. Sikudhani alidhani mji unaungua. Alimshika mtu mkono amwambie, na yule mtu akamshukuru kwa sifa hizo.

Alipewa malazi kwa mjane mmoja, Nyamizi, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa kando ya daraja, pembeni ya kiwanda cha zamani cha kufulia chuma chenye dohani ndefu ya matofali. Nyamizi na marehemu mumewe walikuwa wafua chuma. Sasa alikuwa Mfukizaji Daraja la Pili, kazi ya serikali, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele ya jiko kuanzia jua linapotoka mpaka linapozama, akitia kuni mbichi na majani yaliyolowa, na kuhakikisha hauonekani mwali. Mwali ulikuwa kosa. Mara ya kwanza mtu alionywa, mara ya pili alishushwa daraja, na Nyamizi alikwisha kuonywa.

Juu ya jiko palikuwa na chungu kikubwa kinachochemka. Sikudhani, ambaye alikuwa na njaa, akangoja kwa adabu. Akangoja mpaka adabu ikaisha, akafunua. Ndani mlikuwa na maji na jiwe.

"Jiwe la nini, dada?" akauliza.

"Chungu kitupu hutoa mlio mbaya," akasema Nyamizi. "Mkaguzi akipita akisikia mlio ule, anaandika."

Hapo ndipo Sikudhani alipoanza kuelezwa mambo, na nitawaeleza kama alivyoelezwa, mkielewa mniambie. Juu ya kilima kirefu katikati ya Fukizo wanakaa Watazamaji, waliowekwa pale na muungano wa nchi saba. Kazi yao ni kuzitazama nchi kwa darubini na kuhesabu moshi. Hoja yao ni kwamba penye moshi panapikwa, panapopikwa panaliwa, panapoliwa kuna mali, na penye mali ndipo pa kufanyia biashara. Kila mwezi wanatoa Waraka wa Anga, na kwa waraka huo nchi zote hufungua malango au kuyafunga. Nchi yenye moshi mwingi hukaribishwa kila mahali. Nchi yenye anga jeupe haiuziwi kitu wala hainunuliwi kitu, kwa sababu ukionekana unafanya biashara na maskini, na wewe utaanza kutiliwa shaka.

Fukizo walikuwa daraja la kwanza, miaka tisa mfululizo. Ili wabaki hapo, wakulima waliondolewa mashambani wakapewa kazi ya kufukiza. Wafua chuma nao walizimiwa majiko, kwa sababu jiko la kufulia chuma huwaka kwa moto mkali mweupe usio na moshi, na moto wa namna hiyo ulionekana kuwa wa kuitia nchi aibu. Majembe yaliyokwisha kufuliwa, maelfu kwa maelfu, yalikuwa yamelala katika ghala la taifa, hayana wa kuyashika.

"Na mnakula nini?" Sikudhani akauliza.

Nyamizi akachochea majani, akakohoa, akasema kuna mboga za mwituni siku ya mapumziko.

Sikudhani hakujua acheke au alie. Alitoa kuni zake kavu, akawasha moto mdogo nyuma ya ukuta wa kiwanda, chini ya ile dohani, akapika uji wa ulezi. Haukutoka moshi hata wa kumkera nzi. Nyamizi alikunywa bakuli la kwanza amesimama, akiangalia mlango. La pili alikaa. La tatu alilinywa huku machozi yanamtoka, na hayakuwa machozi ya moshi. Akasema, "Mkileta huo ulezi, dada, hata jembe langu la harusi nitawapa." Sikudhani akamwambia utaletwa. Alisema hivyo kwa uhakika kabisa, maana aliona jambo liko wazi kama kiganja cha mkono: hawa wana majembe na njaa, sisi tuna chakula na hatuna majembe. Kuna nini tena hapo cha kujadili?

Maskini Sikudhani. Kumbe kulikuwa na kila kitu cha kujadili.

Kesho yake alikwenda kwa Waziri wa Moshi, Mheshimiwa Machibya, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa kila kitu kingine. Alipokelewa vizuri. Akaonyesha ulezi. Waziri akauchota, akaunusa, akameza mate kwa mlio uliosikika mpaka kwa makarani, kisha akaurudisha mfukoni punje baada ya punje. Akauliza Ulezini ni daraja la ngapi. Sikudhani akasema hajui. Wakatafuta katika Waraka. Ulezini haikuwamo hata kwenye orodha ya mwisho. Waziri akamfungulia dirisha, akamwonyesha ng'ambo ya korongo: anga tupu, safi, la bluu, bila hata uzi mmoja wa moshi.

"Mama yangu," akasema kwa huruma, "kwenu kuna nini?"

Sikudhani akaeleza habari ya kuni kavu na vichanja, ghala na misimu mitatu ya mavuno. Waziri akatikisa kichwa kwa upole, jinsi unavyomsikiliza mgonjwa anayesema amepona. Akamwambia Fukizo wangependa sana kusaidia, ila wakinunua chakula kutoka nchi isiyopika, nchi saba zitasemaje? Zitasema Fukizo wana njaa. Na zikishasema hivyo, hata wenye nia ya kuja watageuza njia, na hapo njaa itakuwa ya kweli. Sikudhani akasema, lakini njaa ni ya kweli sasa hivi. Waziri akatazama huku na huku, akasema neno hilo asilirudie, kisha akamwandikia barua ya kumpeleka barazani.

Baraza la Fukizo lilikuwa linajadili hoja ya mjumbe mmoja, kwamba siku moja kwa wiki chungu kiwekwe kitu. Hoja ilipingwa vikali. Mmoja alisema mtu akiwa na chakula jikoni atashughulika na chakula, na moshi utadorora. Mwingine alisema nchi iliyofika daraja la kwanza bila kula haina sababu ya kubadili njia. Mzee mmoja mwenye heshima alieleza kwa utulivu kwamba njaa ni hali ya mtu binafsi, moshi ni wa wote. Wakapiga kura. Kwa kuwa moshi ulijaa ukumbini na mikono haikuonekana, kura za Fukizo hupigwa kwa kukohoa, wanaokubali kwanza, wanaokataa baadaye. Wakakohoa wote mara zote mbili. Spika akatangaza hoja imepita na imeanguka, akawashukuru wajumbe kwa mshikamano.

Ilipofika zamu ya Sikudhani, baraza likaamua apande kilimani aombe kutazamwa.

Akapanda. Juu kulikuwa na hewa safi, akavuta pumzi mpaka kichwa kikamzunguka. Mtazamaji Mkuu, Bwana Shamte, alikuwa mzee nadhifu mwenye blanketi magotini na darubini ya shaba. Alikuwa hajashuka kilima kile kwa miaka kumi na moja. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyekuwa amemsikiliza hivyo tangu avuke daraja. Sikudhani akapata moyo, akamwambia basi njoo, Bwana, shuka siku moja ufunue vyungu vya hapa, kisha uvuke uje ufunue vya kwetu.

"Mimi siandiki kilichopo, bibi. Naandika kinachoonekana," akasema Bwana Shamte. "Nikianza kuandika kilichopo itabidi nishuke, na nikishuka nitaona chungu kimoja, cha pili sitakiona, na wenye chungu cha pili watasema nimependelea."

Sikudhani akamkaribisha angalau uji. Mzee akakataa kwa shukrani, kwa sababu aliyekula katika nchi hawezi tena kuitazama kwa haki. Lakini akajaza fomu, akaigeuza darubini, kwa mara ya kwanza tangu iwekwe pale, kuelekea Ulezini. Akamwachia Sikudhani naye achungulie.

Sasa sikilizeni jambo lililomtisha kuliko yote. Alipochungulia aliona paa za kwao, vichanja, miti, na juu yake anga jeupe lisilo na kitu. Na yeye, aliyezaliwa pale, mwenye funguo za ghala kiunoni, akasikia sauti ndani yake ikisema: maskini wale, wanaishije? Akajishika kiuno. Funguo zilikuwapo. Akashuka kilima akiwa hajui tena kama zinafungua ghala au zinafungua hewa, na siku nne zilizofuata alikuwa akiota ndoto anafungua ghala anakuta maji na jiwe.

Alingoja. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Nyamizi alimshauri apeleke ujumbe kwao waloweshe kuni. Sikudhani alikaa na wazo hilo siku nzima, na siwafichi, alifika hatua ya kuandika barua. Akaikunja. Aliwafikiria mashangazi. Aliona heri arudi mikono mitupu kuliko arudi na hilo. Lakini mvua zilikuwa zimebakiza siku kumi na mbili, na kila asubuhi alitoka kutazama mawingu.

Asubuhi moja aliamshwa na vigelegele. Mlangoni alisimama Mheshimiwa Machibya na makarani sita, wote wamepiga magoti matopeni. Sikudhani akadhani kuna msiba. Akavutwa nje kwa adabu, akaonyeshwa ng'ambo.

Ulezini haikuonekana. Bonde lote, kutoka mtoni mpaka vilimani, lilikuwa limejaa weupe mzito unaotoka taratibu na kupanda, nguzo juu ya nguzo, mnene kuliko moshi wote wa Fukizo uliopata kufukizwa. Waraka maalumu ulikuwa umeshashuka kilimani. Bwana Shamte alikuwa ameandika kwamba katika miaka yake yote hajaona uchumi wa namna hiyo, na kwamba Ulezini imeruka madaraja yote kwa siku moja.

Sikudhani akautambua, na wewe msikilizaji ungeutambua. Ule ulikuwa ukungu. Kila mwaka, kabla ya mvua, mto wa Ulezini huvuta ukungu alfajiri, na jua likipanda unaondoka. Ng'ombe wa kwao wanaujua.

Hapo ikawa mtihani. Majembe yalikuwa yanaletwa mbele yake bila kuombwa. Angefunga mdomo tu. Alisimama akatafuna pindo la kanga, akamtazama Nyamizi aliyekuwa mlangoni, akamwambia Waziri, "Mheshimiwa, ule ni ukungu. Si moshi."

Waziri akainua uso, na uso ule ulijaa mapenzi. "Matajiri wote husema hivyo," akasema.

Akarudia. Wakapiga makofi. Karani mmoja akaandika kwamba Ulezini ni nchi kubwa na yenye unyenyekevu. Alipozidi kusisitiza, Waziri akaingiwa na hofu kwamba labda majembe elfu mbili ni dharau kwa nchi kama hiyo, akasema basi elfu tatu, na ulezi uletwe wakati wowote utakaowafaa, kwa sababu mkubwa haharakishwi. Sikudhani alikwisha kuusema ukweli mara tatu na kila mara ulikuwa unamwongezea majembe.

Basi wakaanza kuvusha. Watu wa Fukizo walitoka vyumbani mwao, mamia, wakabeba majembe mabegani wakapita darajani kwa foleni, wakikohoa na kuimba. Sikudhani akawa katikati ya daraja, jicho moja kwenye foleni, jicho jingine kwenye jua. Saa mbili ukungu ulikuwa mzito. Saa tatu paa la ghala likachomoza. Watu wakasema, tazameni, wana ghala pia. Saa nne miti ikaonekana, na foleni ikaanza kusita, kwa sababu waliotazama mbele hawakuelewa kinachotokea na waliokuwa nyuma walisukuma. Sikudhani alijikuta naye anabeba. Jembe la mwisho liliguswa na mkono wa Mbaruku upande wa Ulezini wakati anga lilipofunguka lote, jeupe, tupu, bila hata uzi.

Upande wa Fukizo zikalia kengele. Waraka wa pili ulishuka kabla ya saa sita: Anguko la Ulezini. Nchi saba zikatuma salamu za rambirambi. Mheshimiwa Machibya alifika mwisho wa daraja akiwa analia machozi ya kweli, akamwambia Sikudhani pole, utajiri wote ule, asubuhi moja tu. Sikudhani akamuuliza kama anataka majembe yake. Waziri akashtuka. Nchi ya daraja la kwanza haidai kitu, akasema, anayedai ni mwenye shida. Kuhusu ulezi alisikitika, hautapokelewa. Lango likafungwa.

Sikudhani alikaa chini palepale upande wa kwao, katikati ya watu waliokuwa wanacheza ngoma kwa majembe. Amepata alichotumwa na zaidi ya alichotumwa, na alikuwa anahisi kama mwizi. Ndugu yake alimshika bega, akamuuliza ana nini. Akamwambia kuna mwanamke ng'ambo pale aliyekunywa uji mabakuli matatu, nikamwahidi.

Mbaruku hakuwa mtu wa maneno mengi. Ahadi ni ahadi, kesho yake magunia yakabebwa mpaka langoni, mia mbili na kumi. Sikudhani na wabebaji walikaa pale siku mbili. Karani wa daraja aliyaangalia magunia kwa macho yake mekundu, akaenda, akarudi, akaenda tena. Siku ya tatu alikuja na wakubwa wenye vitabu, wakatafuta kifungu, wakakipata, wakatabasamu. Wakamwandikia Sikudhani hati kwamba mzigo umepokelewa kwa matumizi ya taifa. Magunia yakaingia. Sikudhani alirudi nyumbani anaruka kama binti wa miaka kumi na tano, na jioni ile alikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Asubuhi iliyofuata watu wa Ulezini walikuwa shambani wote, majembe mapya yanapiga udongo, mawingu yamekaa tayari. Ndipo mtu mmoja akasimama akaonyesha ng'ambo. Moshi wa Fukizo ulikuwa umepanda kuliko siku zote. Ulikuwa mzito na wa manjano, umefika mpaka chini ya kilima cha Watazamaji, na baragumu zilisikika. Watu wakaegemea mipini. Mmoja akasema wenzetu wanapika leo, wamepata chakula. Mbaruku naye akatazama kwa muda mrefu, akasema polepole kwamba pengo letu labda ni hilo, labda na sisi tungekuwa tunafuka kidogo, kidogo tu, kwa ajili ya majirani.

Kisha upepo ukageuka, ukawaletea harufu.

Sikudhani alikuwa mtunza ghala miaka ishirini. Aliijua harufu ile kabla haijamfika vizuri puani. Ulikuwa ulezi. Haukuwa unapikwa, ulikuwa umeloweshwa na unaungua. Kifungu walichokipata wakubwa wale ni kwamba chakula cha nchi iliyoanguka hakiruhusiwi kuingia Fukizo kama chakula, ila kama kitu cha kufukizia kinaruhusiwa. Magunia mia mbili na kumi, yamegawiwa kila jiko, mbele ya watu ambao hawakuwa wamekula tangu siku ya mapumziko. Na waliyatia motoni kwa mikono yao. Sikudhani aliangusha jembe akajishika kichwa, akalia kwa sauti, na waliokuwa karibu hawakuelewa, wakadhani amefurahi.

Alipoinua uso, akaanza kuhesabu. Hakujua anahesabu nini. Alifuata nguzo za moshi moja baada ya moja, kutoka kilimani, kupitia mjini, kushuka mpaka darajani, na zote zilikuwapo, zote nene, zote za manjano. Akafika kwenye dohani ya matofali, kwenye nyumba ile ya mwisho. Akafuta macho kwa kanga, akatazama tena.

Pale hapakuwa na moshi. Palikuwa na anga safi, upana wa nyumba moja, na hewa juu ya dohani ilikuwa inatetemeka kidogo tu, kama inavyotetemeka juu ya moto wa kuni zilizokauka misimu miwili. Sikudhani alikuwa ameuacha mzigo wake wa kuni nyuma ya ukuta ule, na Nyamizi alikuwa anapika.

Bila shaka Bwana Shamte naye aliona. Bila shaka aliandika, kwa mkono wake nadhifu, kwamba siku ya fahari kubwa ya Fukizo lilionekana pengo moja kando ya daraja, na Nyamizi atakuwa amekwisha kushushwa daraja kabla ya jua kuzama. Sikudhani aliliwaza hilo pia. Akaokota jembe lake, akasimama nalo, akawa anapaangalia pale pasipo na moshi mpaka tone la kwanza la mvua likamwangukia mkononi.